Eneobunge la 9 la North Carolina: namna ya kuandika mipaka na matokeo ya Kongresi bila kupotosha

Ukiulizwa nani alikuwa mwakilishi wa eneobunge la 9 la North Carolina mwezi Mei 2019, jibu sahihi ni kwamba hakukuwa na mwakilishi. Kiti kilikuwa wazi tangu tarehe 3 Januari mwaka huo na kiliendelea kuwa wazi hadi Septemba. Ukiulizwa kaunti ya Union iko eneobunge la ngapi, jibu linategemea mwaka unaouzungumzia: mwaka 2018 ilipiga kura katika la 9, mwaka 2022 katika la 8. Na ukiulizwa nani alishinda hapo Novemba 2018, jibu lolote la jina moja ni kosa. Hata hivyo majedwali mengi yanayonakiliwa huku na huku hujibu maswali yote matatu kwa jina moja na namba moja, na msomaji huondoka akiamini ameupata ukweli.

Kosa huanzia kwenye dhana kwamba eneobunge la Kongresi ya Marekani ni mahali pa kudumu, kama kaunti au mji. Kwa kweli ni namba ambayo sheria huibandika juu ya kipande cha ardhi kwa muda, kisha sheria nyingine au hukumu ya mahakama huibandua na kuihamishia kwingine. Ndiyo maana kumbukumbu yoyote inayostahili kuaminiwa hutaja kwa pamoja namba ya eneobunge, ramani iliyokuwa ikitumika na tarehe ya uchaguzi. Hata msimbo rasmi wa serikali haukuokoi hapa: eneobunge la 9 la North Carolina huandikwa 3709 (37 ni North Carolina, 09 ni eneobunge) katika kila ramani, liwe liko pembezoni mwa jiji la Charlotte au limehamia kilomita nyingi mashariki.

Ramani sita kwa namba ileile

Baraza la Wawakilishi la Kongresi, ambalo kila eneobunge hulichagulia mjumbe mmoja, lina viti 435, idadi iliyoanza kutumika mwaka 1913. Kila baada ya sensa ya miaka kumi viti hivyo hugawanywa upya kati ya majimbo, kisha kila jimbo huchora maeneobunge yake. North Carolina ilikuwa na viti 13 kwa sensa ya 2010 na ikapata 14 kwa sensa ya 2020. Mchoraji ni Bunge la jimbo, na gavana hana kura ya turufu juu ya ramani hizo. Kinachobaki kuwazuia wachoraji ni mahakama, na mahakama zimeingilia kati mara kwa mara.

Uchaguzi wa 2012 na wa 2014 ulitumia ramani ya sheria ya 2011. Eneobunge la 9 lilikuwa vitongoji vya Charlotte: sehemu za kaunti za Mecklenburg, Union na Iredell. Tarehe 5 Februari 2016 mahakama ya shirikisho ikabatilisha maeneobunge ya 1 na ya 12, kwa sababu rangi ya wapiga kura ilitumika kupita kiasi katika kuyachora. La 9 halikuguswa na hukumu, lakini ukisogeza mpaka wa jirani, wako nao umesogea. Sheria ya kikao namba 2016-1 ikalivuta kutoka kusini mwa Charlotte kuelekea mashariki, likipita kaunti za Union, Anson, Richmond, Scotland na Robeson kwa ukamilifu, hadi sehemu za Cumberland na Bladen. Ramani hiyo ilitumika 2016 na 2018.

Halafu mwaka 2019 mahakama ya jimbo ikaizuia, na Novemba mwaka huo Bunge likapitisha sheria 2019-249 kwa ajili ya uchaguzi wa 2020. Baada ya sensa mpya likapitisha ramani ya 2021, ambayo mahakama ya juu ya jimbo iliifuta Februari 2022 kabla haijapigiwa kura hata moja. Uchaguzi wa 2022 ulitumia ramani ya muda iliyowekwa na mahakama. Sheria 2023-145 ikaleta ramani ya 2024. Oktoba 2025 Bunge likapitisha nyingine kwa ajili ya 2026.

Ramani ya 2021 inahitaji tahadhari ya pekee. Faili lake bado linapatikana, lina sura rasmi na lina namba ya sheria, na anayetafuta mipaka ya baada ya sensa ya 2020 huweza kulichukua akidhani ndilo. Kabla ya kupakua faili lolote la mipaka, jiulize ni uchaguzi upi uliofanyika juu ya ramani hiyo. Kama huwezi kuutaja kwa tarehe, usiitumie.

Mwaka 2016 una mtego wa aina yake. Hukumu ilipotoka, karatasi za mchujo wa tarehe 15 Machi zilikuwa tayari zimechapishwa zikiwa na majina ya wagombea wa Kongresi kwa mipaka ya zamani. Mchujo wa Kongresi ukahamishiwa tarehe 7 Juni, ukifuata mipaka mipya. Kwa hiyo karatasi ya Machi haikuwa na matokeo halali ya Kongresi, na jedwali linaloonyesha mchujo wa Kongresi wa Machi 2016 katika jimbo hilo lina kosa.

Mpaka uko kwenye orodha

Mstari unaouona kwenye ramani ni zao la hatua ya mwisho. Sheria yenyewe ni orodha: kaunti hii yote, kaunti ile isipokuwa maeneo haya ya vituo vya kupigia kura, na pale eneo la kituo linapokatwa katikati, bloku hizi za sensa. Bloku ndicho kipande kidogo kabisa cha ardhi ambacho sensa hukihesabu, mara nyingi ni eneo lililozungukwa na barabara nne mjini, au shamba kubwa lililopakana na kijito huko vijijini. North Carolina ilikuwa na takriban bloku 289,000 mwaka 2010 na zaidi ya 236,000 mwaka 2020.

Faili la kuanzia kazi basi ni lile linalooanisha bloku na eneobunge. Lina safuwima mbili tu, msimbo wa bloku na namba ya eneobunge. Msimbo una tarakimu 15: mbili za jimbo, tatu za kaunti, sita za trakti ya sensa (eneo dogo la kaunti lenye bloku nyingi), nne za bloku. Bloku yoyote ya kaunti ya Bladen huanza na 37017, ya Robeson na 37155, ya Mecklenburg na 37119. Ukiujua mpangilio huu unaweza kukagua faili kwa macho. Kwa ramani ya 2016, ukiona bloku inayoanza na 37119 imeandikiwa 9, inawezekana, kwa kuwa Mecklenburg imegawanywa. Ukiona inayoanza na 37155 imeandikiwa namba nyingine, kuna hitilafu, kwa kuwa Robeson yote imo katika la 9.

Hitilafu ya kwanza hutokea unapolifungua faili kwa programu ya lahajedwali. Programu huuchukua msimbo kuwa namba ya kawaida na kuuonyesha kama 3.7E+14, na kwa majimbo ambayo msimbo wake huanza na sifuri, kama Alabama (01) na California (06), sifuri ya mbele hupotea na tarakimu zinabaki 14. Ukihifadhi faili hapo, umeliharibu bila kupewa onyo. Ingiza safuwima hiyo kama maandishi tangu mwanzo, kisha hesabu urefu wa kila msimbo. Usipokuwa 15 kote, rudi kwenye faili la asili.

Hitilafu ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Misimbo ya bloku ya 2010 na ya 2020 inafanana kwa umbo, na msimbo uleule unaweza kuwepo katika sensa zote mbili ukiwa umeelekezwa kwenye ardhi tofauti. Ramani za 2011, 2016 na 2019 zimeandikwa kwa bloku za 2010. Zilizofuata zimeandikwa kwa bloku za 2020. Ukiunganisha ramani ya 2016 na idadi ya watu ya 2020 kwa kufananisha misimbo, sehemu kubwa ya mistari itaungana vizuri kabisa, na jumla utakayoipata haitakuwa na maana yoyote.

Bahati nzuri kuna kipimo cha kujikagua ambacho ni vigumu kukidanganya. Tangu mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani imetaka maeneobunge ya jimbo moja yawe na idadi ya watu inayokaribiana kadiri iwezekanavyo, na wachoraji wa North Carolina hulenga tofauti isiyozidi mtu mmoja. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 9,535,483. Gawanya kwa 13, kila eneobunge linapaswa kuwa na watu 733,498 au 733,499. Sensa ya 2020 ilihesabu 10,439,388. Gawanya kwa 14, unapata 745,670 au 745,671. Jumlisha watu wa bloku zote za eneobunge lako. Ukipata namba mojawapo kati ya hizo, orodha yako karibu hakika ni nzima. Ukikosa kwa watu 40, kuna bloku umeipoteza. Ukikosa kwa maelfu, umechanganya sensa au ramani. Usikitumie kipimo hiki kwa kila jimbo kwa ukali huohuo: West Virginia iliruhusiwa mwaka 2012 kubaki na tofauti ya asilimia 0.79 ili isikate kaunti zake.

Na unapoandika idadi ya watu, andika imetoka sensa gani. Makadirio ya kila mwaka ya utafiti wa jamii wa Ofisi ya Sensa ni namba za sampuli, na hayatalingana na 733,499. Hayo si makosa, ni kipimo kingine.

Unapochora

Ofisi ya Sensa hutoa aina mbili za faili za mipaka. Moja ni TIGER/Line, yenye mstari kamili. Nyingine ni ya ramani za maonyesho, ambayo mistari yake imerahisishwa ili faili liwe jepesi, kwa vipimo vya 1:500,000, 1:5,000,000 na 1:20,000,000. Ya pili inapendeza ukurasani, lakini ukiitumia kuamua nyumba fulani iko eneobunge lipi, utakosea kwa walio karibu na mpaka, na walio karibu na mpaka ndio hasa wanaouliza.

TIGER/Line nayo huingia baharini, kwa kuwa mamlaka ya jimbo huendelea hadi maili tatu za baharini kutoka pwani. Eneobunge la 3 la ramani ya 2023, lenye visiwa vingi vya Outer Banks, linaonekana nene kuliko ardhi yake halisi. Kwa kipimo cha eneo, tenganisha nchi kavu na maji. Faili lina safuwima ya kila kimoja. Mfumo wa majiranukta ni NAD83, si WGS84 ya simu. Tofauti yake ni ndogo hapa, lakini iandike ili mtu mwingine aweze kuirudia kazi yako.

Safuwima ya namba ya eneobunge hubeba namba ya Kongresi ndani ya jina lake: 116, 118, 119. Kujua Kongresi ya mwaka fulani, chukua mwaka inapoanza, toa 1789, gawanya kwa 2, ongeza 1. Uchaguzi wa Novemba 2018 ulizaa Kongresi iliyoanza Januari 2019, yaani ya 116. Kosa linalorudiwa sana ni kuoanisha uchaguzi wa Novemba 2018 na Kongresi iliyokuwa madarakani siku ya kupiga kura, ya 115. Thamani 00 humaanisha jimbo lenye kiti kimoja tu, 98 ni mjumbe asiye na kura kamili kama wa Washington, D.C., na ZZ ni maji yasiyogawiwa eneobunge lolote. Ziondoe ZZ kabla ya kuhesabu maeneobunge.

Kwa maelezo ya maneno, epuka miji na misimbo ya posta. Misimbo ya posta ni njia za wabeba barua, haina mipaka ya kisheria. Taja kaunti, na kila mara tenganisha "yote" na "sehemu ya". Kusema kwamba eneobunge la 9 la 2018 lilijumuisha Mecklenburg ni kuwaingiza watu wa Charlotte yote, wakati wengi wao walipigia kura katika la 12.

Matokeo: kutoka usiku wa uchaguzi hadi muhuri

Usiku wa tarehe 6 Novemba 2018 hakukuwa na matokeo rasmi popote Marekani, pamoja na kwamba vyombo vya habari vilitangaza washindi. Katika North Carolina bodi ya kila kaunti hukutana siku ya kumi baada ya uchaguzi kujumlisha na kuhakiki, na Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo hukutana Jumanne, wiki tatu baada ya uchaguzi, kuthibitisha. Katikati huingia kura za masharti (za watu ambao haki yao ya kupiga kura ilikuwa bado inahakikiwa) zilizokubaliwa na kura za wanajeshi walio nje ya nchi. Kura za posta za kawaida nazo zilikuwa zikiendelea kupokelewa siku tatu baada ya uchaguzi kama zilipigwa muhuri kwa wakati, hadi sheria ya 2023 ilipotaka zifike kabla vituo havijafungwa. Namba uliyoinakili usiku ule inaweza kutofautiana na rasmi kwa mamia ya kura. Kwa hiyo kila namba iandikiwe hadhi yake: ya awali, ya kaunti, au iliyothibitishwa na jimbo.

Faili la matokeo la bodi hiyo ni la maandishi yaliyotenganishwa kwa kichupo, mstari mmoja kwa kila mgombea katika kila eneo la kituo. Lina kaunti, tarehe, kituo, jina la kinyang'anyiro, mgombea, chama, kisha kura kwa njia nne: siku ya uchaguzi, za mapema, za posta na za masharti, na mwisho jumla. Mambo mawili huwatatiza wageni. Kwanza, baadhi ya mistari ina jina la kituo lakini si kituo: ni kapu la kura za posta au za mapema za kaunti nzima. Ukiifuta kwa sababu haipatikani kwenye ramani, jumla yako itapungua. Iache kwenye hesabu, iondoe kwenye mchoro, na useme umefanya hivyo. Pili, maeneo ya vituo hubadilika kati ya sensa na sensa; kituo cha 2018 si lazima kiwe kilekile cha orodha ya 2010 hata kama namba inafanana. Kwa kituo kilichokatwa na mpaka wa eneobunge, tumia kura za kinyang'anyiro chenyewe na usizigawe kwa kubahatisha.

Thamani ya kutunza njia nne za kupiga kura badala ya jumla peke yake ilionekana mwaka huohuo, katika eneobunge hilohilo. Jumla ilikuwa hivi: Mark Harris wa Republican 139,246, Dan McCready wa Democratic 138,341, mgombea wa Libertarian 5,130. Tofauti ya kura 905 kati ya 282,717. Ukiangalia jumla hakuna cha kushangaza, ni kinyang'anyiro cha karibu. Fungua safuwima ya kura za posta, kaunti kwa kaunti. McCready aliongoza kura hizo katika kaunti saba kati ya nane. Katika ya nane, Bladen, Harris alipata asilimia 61. Sasa weka kando yake faili lingine la bodi, la maombi ya kura za posta: kati ya kura za posta zilizokubaliwa Bladen, za waliojiandikisha Republican zilikuwa asilimia 19 tu. Ili Harris afike 61 ilibidi apate Republican wote, karibu wote wasio na chama, na sehemu ya Democratic pia. Uandikishaji wa chama haumfungi mtu katika kura yake, kwa hiyo hesabu hii haikuwa ushahidi wa kosa. Ilikuwa sababu ya kuchunguza, na uchunguzi ulikuta wakala aliyefanya kazi kwa kampeni ya Harris akiendesha mpango wa kukusanya kura za posta kinyume cha sheria. Aliyehifadhi jumla ya eneobunge zima pekee asingeweza kuliona hilo. (Faili la maombi lina majina ya wapiga kura. Chapisha hesabu za makundi, usichapishe mistari yenyewe.)

Tarehe 27 Novemba 2018 bodi ilikataa kuthibitisha matokeo ya la 9. Tarehe 21 Februari 2019, baada ya siku nne za ushahidi, iliamuru uchaguzi mpya kwa kauli moja. Mchujo ulirudiwa tarehe 14 Mei, Harris hakugombea, na tarehe 10 Septemba 2019 Dan Bishop wa Republican akapata 96,573 dhidi ya 92,785 za McCready.

Hapo ndipo majedwali huanguka. Baadhi huandika Harris kama mshindi wa 2018, wengine huufuta uchaguzi wa 2018 kabisa kana kwamba watu 282,717 hawakupiga kura, na wengine humweka Bishop kwenye mstari wa Novemba 2018. Njia ya haki ni mistari miwili. Wa kwanza: tarehe 6 Novemba 2018, kura zote kama zilivyohesabiwa, hadhi "hayakuthibitishwa", safuwima ya mshindi tupu. Wa pili: tarehe 10 Septemba 2019, ramani ileile ya 2016, aina "uchaguzi wa marudio", mshindi Bishop.

Aina ya uchaguzi ina uzito wake. Siku hiyohiyo ya Septemba, eneobunge la 3 la North Carolina nalo lilipiga kura, kwa sababu Walter B. Jones alifariki Februari 2019 akiwa mbunge. Huo ulikuwa uchaguzi mdogo: kulikuwa na mshindi halali wa 2018, akafariki. La 9 halikuwahi kuwa na mshindi. Msomaji wa Zanzibar, aliyeshuhudia marudio ya Machi 2016, au wa Kenya, aliyepiga kura tena Oktoba 2017, anajua tofauti hiyo. Jedwali linalotumia neno moja kwa zote mbili linamnyima.

Orodha ya wawakilishi iandikwe kwa tahadhari hiyohiyo. Robert Pittenger hadi tarehe 3 Januari 2019, kiti wazi, Bishop, aliyechaguliwa tarehe 10 Septemba na kuapishwa tarehe 17. Tarehe hizo mbili zote huonekana katika kumbukumbu mbalimbali, kwa hiyo ziandike zote na useme ipi ni ipi.

Asilimia ya nini?

Harris alipata asilimia 49.25 ya kura zote zilizohesabiwa kwa wagombea. Ukimwondoa Libertarian na kuhesabu vyama viwili tu, anapata 50.16. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini moja inasema alivuka nusu na nyingine inasema hakuvuka. Ziweke kura zenyewe kwanza, kisha asilimia, na utaje kigawanyo. Usinakili asilimia bila kura, kwa sababu huwezi kurudi nyuma kutoka 49.3 hadi 139,246.

Kigawanyo hubadilika kwa jimbo. Massachusetts huorodhesha karatasi zisizowekewa alama. New York humruhusu mgombea mmoja kuwa kwenye mistari ya vyama kadhaa, na lazima uijumlishe bila kuifuta ile ya asili. Florida haichapishi jina la asiye na mpinzani, kwa hiyo kura zake hazipo. Andika "hapakuwa na kura", usiandike 0. Maine hutumia kura za vipaumbele, ambapo mpiga kura huwapanga wagombea kwa mfuatano na kura za wanaoondolewa huhamia kwa waliofuata: katika eneobunge la 2 mwaka 2018, Bruce Poliquin aliongoza raundi ya kwanza kwa 134,184 dhidi ya 132,013 za Jared Golden, na Golden akashinda ya mwisho kwa 142,440 dhidi ya 138,931. Jedwali lenye raundi moja tu hapo litaonyesha ama aliyeshindwa kana kwamba ndiye mshindi, au Golden kana kwamba aliongoza tangu mwanzo.

Pennsylvania ndiyo inayothibitisha zaidi haja ya kutaja ramani. Mahakama ya juu ya jimbo ilichora ramani mpya Februari 2018. Tarehe 6 Novemba 2018 Mary Gay Scanlon alishinda mara mbili kwa siku moja: uchaguzi mdogo wa eneobunge la 7 kwa mipaka ya zamani, kumalizia wiki chache zilizobaki, na uchaguzi mkuu wa la 5 kwa mipaka mipya. Wapiga kura walioshiriki hawakuwa walewale.

Kulinganisha mwaka na mwaka

Mwaka 2020 Bishop alichaguliwa katika la 9 na Richard Hudson katika la 8. Mwaka 2022 Bishop alichaguliwa katika la 8 na Hudson katika la 9. Hakuna aliyemwondoa mwenzake. Namba ndizo zilizobadilishana, na Union ikaenda pamoja na Bishop. Anayechora mstari wa "mwenendo wa eneobunge la 9" kutoka 2020 hadi 2022 anapima tofauti kati ya sehemu mbili za jimbo na kuiita mabadiliko ya fikra za watu. Mwaka 2024 Mark Harris aliingia Kongresi kupitia la 8. Kusema "alirudi kugombea kiti kilekile" ni kosa la namba, hata kama Union imo.

Ukilazimika kulinganisha, chukua kura za kinyang'anyiro cha jimbo zima, kama urais, uzijumlishe upya kituo kwa kituo ndani ya mipaka mipya. Matokeo hayo ni hesabu ya mtafiti, si ya bodi, na yaandikwe hivyo, pamoja na namna ulivyozigawa kura za posta zisizo na kituo. Kwa mipaka ya kale, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles kina mkusanyiko wa mipaka ya maeneobunge tangu Kongresi ya kwanza ya 1789.

Kwa uchaguzi wa 2026, ramani ya Oktoba 2025 imebadilisha maeneobunge ya 1 na ya 3. Mengine 12 yamebaki na mipaka ya 2023. Hata hivyo yafungulie yote 14 mstari mpya wenye jina la ramani mpya. Kisha linganisha orodha za bloku za ramani zote mbili, eneobunge kwa eneobunge. Orodha zikilingana bila kuzidi wala kupungua bloku hata moja, andika kwamba mipaka ni ileile na matokeo ya 2024 yanaweza kulinganishwa moja kwa moja. Kwa la 1 na la 3, orodhesha kaunti zilizohama na upande zilikokwenda, na usiweke mstari wa mwenendo kati ya 2024 na 2026 hadi kura za 2024 zijumlishwe upya kwa mipaka mipya.